Nani Aliwashusha Kondoo wa Foel

"Mbona sauti yako ina upepo?" Mabli aliuliza, simu kaibana begani huku akimmiminia baba yake chai.

"Nimefungua dirisha la gari," Tudur alijibu. "Niko njiani kwenda mjini kwa fundi. Ile suti ya harusi mabega yananibana."

"Mjini leo? Na ukungu huu?"

"Huku barabarani hakuna ukungu, mpenzi. Jioni nitapita. Mwambie mzee atulie, hakuna mtu atakayepanda mlimani."

"Hayo sikukuuliza."

Kisha Tudur akacheka, akasema mtandao unasumbua, akakata.

Mzee Ithel alikuwa mezani na kofia yake kichwani, buti miguuni, amekaa kama mtu anayesubiri kukamatwa.

"Mkwe anasemaje?"

"Anasema hakuna atakayepanda."

"Wacha wapande. Waje na helikopta wakitaka. Foel haichungwi kwa ramani."

Foel ni mlima ulio nyuma ya nyumba yao, huko kaskazini mwa Wales. Vizazi vinne vya ukoo huo vilichunga kondoo pale, vikilipa kodi kwa mwenye ardhi ambaye buti zake hazikuwahi kuona tope. Mwaka huo mwenye ardhi aliuza mlima bila hata kuwabishia hodi. Mnunuzi ni kampuni ya mbali inayotaka kupanda misonobari mitupu, ili matajiri wanaochoma mafuta waseme moshi wao wameshaulipia. Mahakama ikaamua kondoo watoke kabla ya Machi kwisha. Mzee Ithel akasema yeye hawashushi, anayewataka akawafuate mwenyewe.

Bonde zima likamuunga mkono. Walikutana kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, wakakubaliana kwamba hakuna mtu wa pale atakayeipa kampuni mkono wake wala mbwa wake. Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa Tudur.

Na msidhani hiyo ilikuwa silaha ndogo. Foel haina ukuta wala waya huko juu. Kondoo wanakaa pale kwa sababu wanajua ni kwao. Jike humwonyesha mwanawe mpaka, naye humwonyesha wake, hivyo hivyo miaka na miaka. Mgeni akienda kuwakusanya watampitia kushoto na kulia kama maji. Lakini kundi likishushwa lote siku moja likauzwa, ndiyo basi. Huwezi kununua kondoo wengine ukawaambia huu ni mlima wenu. Hawatakuelewa.

Mzee Ithel alikuwa na sababu nyingine, ya zamani. Utotoni aliwahi kubebwa begani na baba yake kutoka bonde jingine, siku walipohamishwa ili maji yajae pale, mji mkubwa wa Waingereza upate cha kunywa. Shule ilizama, kanisa likazama, makaburi yakazama. Watu walitoka kwa upole, wakiimba. Mzee hakuwahi kuusamehe ule upole.

Simu ikalia tena. Alikuwa Anti Gwladus, jirani wa kule chini.

"Mabli, kuna malori mawili ya mifugo yamepita hapa kwangu. Yamekata kona kuingia barabara ya nyuma."

"Yanaendeshwa na nani, Anti?"

"Madereva ni wageni, siwajui. Ila niambie mwanangu, mgeni ataijuaje barabara ya nyuma? Si mpaka aelekezwe?"

Mabli alikata simu. Alivaa koti la mvua, akachukua fimbo, akamwita Nel, mbwa wake mweusi mwenye kola nyeupe ya manyoya.

"Kaa na goti lako bovu, Baba. Mimi nakwenda kuangalia tu."

"Ukiwaona usiwatukane," mzee alisema. "Waache wahangaike."

*

Huko juu ukungu ulikuwa mzito, unaona ncha ya fimbo yako na basi. Mabli alisimama kusikiliza. Alisikia kwato nyingi zinatembea pamoja, bila fujo. Kondoo walikuwa wanakusanywa, tena na mtu anayejua kazi.

Kisha ukaja mluzi, mfupi mara mbili, ukipanda mwishoni. Nel akainuka miguuni pake akakimbilia kulia, akapotelea kwenye ukungu.

Mabli hakuwa amepiga mluzi wowote.

Kwao, kila mchungaji ana miluzi yake, na majirani huhakikisha haifanani, maana siku ya kukusanya mbwa wa watu watano wako mlima mmoja. Walipochumbiana, Tudur alimvisha Mabli pete, na Mabli akampa Taf, mbwa aliyemlea na kumfundisha mwenyewe tangu akiwa mtoto. Akamwambia, "Mbadilishie miluzi, tusije tukachanganya mbwa." Tudur akakataa. Alisema, "Nataka nikimwita Taf na wewe uhisi umeitwa." Bonde zima liliwasema kwa upuuzi huo. Mabli alicheka wiki nzima.

Sasa hakucheka. Alitia vidole mdomoni akapiga mluzi mrefu unaoshuka, ule wa kulala.

Kule kwenye ukungu mbwa wawili walijibwaga chini. Kwato zikasita. Halafu zikaanza kukimbia, kila upande, maana hapakuwa na wa kuwazuia tena.

"Tudur," Mabli aliita.

Alisogea mbele, fimbo ikitangulia.

"Tudur, najua uko hapo. Mbwa wako kalala."

Akatokea taratibu, kichwa wazi, maji yanamchuruzika usoni.

"Suti bado inabana?"

"Mabli, usinifanyie hivyo."

"Nakuuliza. Fundi kasemaje?"

"Nilitaka nikwambie jioni."

"Malori yakishaondoka."

"Mambo yakishakwisha, ndiyo. Ili wewe usilazimike kuchagua."

"Umenihurumia."

"Ndiyo. Cheka ukitaka."

"Ulinyanyua mkono, Tudur. Wa kwanza."

"Baba yako alikuwa ananitazama. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningeuacha chini kama sikumaanisha. Wamekupa nini?"

Tudur alijifuta uso kwa kiganja. "Kazi ya kuangalia miti. Na ile nyumba iliyo juu ya daraja. Nyumba ya mawe, Mabli, ina jiko na vyumba vitatu. Mimi ni mtoto wa mwisho, shamba la kwetu ni la kaka. Tukioana tungelala wapi? Kwenye kibanda cha magurudumu nyuma ya zizi lenu? Na baada ya mwezi huu hilo zizi la nani?"

"Ungeniuliza."

"Ungesema hapana."

"Ndiyo maana watu huuliza."

"Tumeshashindwa. Wewe unajua. Bonde zima linajua, ni mzee tu hajui. Wangeleta watu wengine kesho, na bunduki labda. Angalau mimi nawashusha vizuri."

Kilichomuuma Mabli ni kwamba alijua. Tangu siku ile ya kanisani alijua, na alikuwa ananyanyua mkono kila asubuhi kwa ajili ya baba yake, moyoni, peke yake. Alitaka awepo mwenzake wa kushindwa naye, basi.

Ndipo wakasikia kilio. Jike mmoja, kisha watatu, kisha sauti nyingi, zikitoka chini upande wa kaskazini.

"Kinamasi," Tudur alisema.

"Nani aliwakusanyia upande ule? Na mimba walizonazo?"

"Nilikuwa nawapitisha juu yake, salama. Umemlaza mbwa katikati ya kazi, Mabli. Mbele hapakuwa na mtu."

Alikuwa anasema kweli, na hilo nalo likaongezeka juu ya mengine. Chembe za theluji zilianza kuanguka, ndogo na ngumu kama chumvi. Walishuka wakikimbia. Majike walikuwa wamezama kwenye tope jeusi mpaka tumboni, sufu imelowa inawavuta chini, na wengine walikuwa wanaendelea kuingia kwa sababu wa mbele walikuwa wameingia.

"Tukiwatoa tutawapeleka wapi?" Tudur aliuliza.

Mabli alitazama juu, ambako ndiko nyumbani kwa kondoo. Kigongo chote cha mlima kilikuwa cha kupanda tena, katika theluji, kwa kondoo waliolowa na wanaokaribia kuzaa. Wasingefika. Njia ya kushuka ilikuwa moja tu, na mwisho wake ni barabara ya nyuma, yaliko malori.

"Unajua tutawapeleka wapi," alisema. "Wewe nyamaza sasa. Mbwa wote wanasikia mluzi mmoja, tukipiga wawili tutawaua. Nitapiga mimi."

Tudur alinyamaza. Aliingia topeni mpaka kiunoni, akawa anawasukuma mmoja mmoja kwa bega, Mabli akiwavuta kwa pembe na sufu. Waliotoka, mbwa waliwashika: Nel juu, Taf chini, wakienda na kulala kwa pumzi moja. Hawakuwa na haja ya kusemezana. Akinyoosha mkono huyu, yule ameshaelewa. Kama kungekuwa na mtu wa kuwatazama angesema, hawa wawili wameumbiwa kufanya kazi pamoja. Majike saba hawakutoka.

Katikati ya kazi Tudur alisema, "Nilikupenda kweli."

"Najua. Vuta huyo."

*

Mabli alidhani chini watakuta malori tu. Lakini Anti Gwladus alikuwa amepiga simu nyumba kwa nyumba, na ukungu ulipoachia, waliona watu wamesimama ukutani kando ya barabara, na Mzee Ithel mbele yao ameegemea fimbo. Kondoo walipita kati ya watu hao wakaingia zizi la kando ya barabara, na kutoka hapo malorini. Nyuma yao Mabli na Tudur, bega kwa bega, tope limewakauka usoni.

Mtu wa kampuni, kijana mwenye koti jipya, alimkimbilia Mabli.

"Kazi nzuri sana, dada. Hatukujua mko wawili."

"Hata sisi hatukujua," alisema Mzee Ithel.

"Mzee, ni mimi peke yangu," Tudur alianza. "Yeye alikuja ku..."

"Wewe sijakuuliza kitu. Wewe nilikuwa nakukaribisha mezani, nikakuona mtu. Hayo ni makosa yangu." Akamgeukia binti yake. "Nilisimama hapa nikasikia mluzi wako unashuka mlima mzima. Nikawaambia hawa, huyo ni Mabli, anawarudisha juu. Anti yako akaniambia, Ithel, mbona huo mluzi unazidi kusogea."

"Walikuwa wanazama, Baba."

"Wangezama."

Hakuna aliyesogea.

"Wangezama kwao," mzee alisema, taratibu, kama anamfafanulia mtoto. "Nasi tungesema hatukuwatoa."

Mabli alimtafuta Anti Gwladus kwa macho. Mama huyo alikuwa anafunga kitambaa chake cha kichwa, anakifunga vizuri sana, mikono miwili, macho chini. Wengine walianza kuondoka mmoja mmoja. Mzee naye akaondoka, akapanda barabara na goti lake bovu, na Mabli alipotaka kumshika mkono aliuhamishia fimboni.

Malori yalifunga milango.

"Mabli," Tudur alisema. "Na sisi je?"

"Sisi nani?"

"Wamekutupa kama walivyonitupa. Hawataamini neno lako kamwe, unawajua. Sasa mimi na wewe tuko sawa. Nyumba iko pale, ina nafasi hata ya mzee akikubali."

"Tuko sawa," alirudia, kama anaonja maneno hayo. "Dirisha la jiko linatazama wapi?"

"Mlimani."

"Basi mchukue mbwa wako, umfundishe miluzi mingine."

*

Kondoo wa Foel waliuzwa mafungu mafungu kwa watu wa nyanda za chini. Bila kondoo hapakuwa na cha kulipia kodi, Mzee Ithel akahamia kwenye vyumba viwili vya halmashauri mjini, ghorofa ya pili. Mabli alihamia naye, kwa kuwa mzee alihitaji wa kumpikia. Aliyekuwa akipikiwa alikula, akasema ahsante, akawasha redio. Mambo ya siku ile hayakutajwa tena. Kule bondeni watu walipokutana na Mabli dukani walimwulizia hali ya baba yake, hali yake yeye hawakuuliza.

Watu wa aina hii, wakishanyang'anywa kila kitu na wenye mali, huwa wanabaki na kitu kimoja cha kunyang'anyana wenyewe. Nimeona hivyo mara nyingi. Wenye mali nao wanajua, ndiyo maana hawana haraka.

Jumamosi ambayo ingekuwa ya harusi ilipita. Jumatatu iliyofuata Mabli alikuwa anamenya viazi simu ilipotikisika mezani.

"Wameanza kupanda miti leo," Tudur aliandika. "Wamenipa kamba nishike, ili miti iende mstari mnyoofu. Nimekaa njiani nashindwa kwenda kula. Sema lolote, hata tusi."

Alikausha mikono. Aliandika mstari mrefu, akaufuta. Akaandika mwingine, nao akaufuta. Baba yake chumba cha pili aliongeza sauti ya redio.

"Wangekuwa wanazaa huko juu wiki hii," akaandika, akatuma.



"Najua," Tudur aliandika.

Mabli alisubiri kama atasema zaidi. Kisha akarudi kwenye viazi, maana mzee hula mapema.