Dakika Kumi Chini ya Theluji

"Mkate umetoka tanurini," redio ilinong'ona.

"Nauona moshi," Ladina Caduff akajibu.

Maana yake ilikuwa moja. Reto Tschander ameondoka kwenye nyumba ya wapanda mlima, na kadi anayo. Kadi haikuzidi ukucha, lakini ndani yake mlikuwa na namba za kufungulia milango ya bwawa. Chini ya bwawa vilikuwapo vijiji vinne. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Italia, wanunuzi walikuwa wakingoja.

"Kadi kwanza," Mkuu wake wa ujasusi alisema redioni. "Huyo mtu, awe hai au maiti, ni juu yako."

Mkuu alijua anamwambia nani.

Novemba iliyopita Reto alimtanguliza Gian, kaka yake Ladina, kwenye mteremko mbovu. Gian alikuwa jasusi aliyejipenyeza katika genge lake. Theluji ikamfukia. Walimtafuta siku mbili, kwa sababu kifaa chake cha mawimbi, ambacho kila mtu hukifunga kifuani ili akifukiwa asikike, kilikuwa kimezimwa.

Gian hakuwa mtu wa kusahau kukiwasha.

Ladina alitoka katika ghala la nyumba ileile ya wapanda mlima na skii zake. Mlangoni alisimama Bibi Mengia, mtunza nyumba, kama kila asubuhi kwa miaka arobaini. Alishika kifaa chake, akimkagua kila anayetoka.

"Pita nikusikie, mwanangu."

Pip. Pip.

"Haya, unasikika."

"Na Reto?"

"Chake kilikuwa bubu. Nikamwambia, mwongoza wageni mzima, huoni haya? Hapa kwangu hatoki mtu bubu. Akakiwasha, kanuna kama mtoto aliyenyimwa asali." Akamtilia chupa ya chai begini. "Nimeweka vikombe viwili. Mlimani hujui utakunywa na nani."

Saa moja baadaye Ladina alikuwa juu ya ukingo wa mwamba, bastola ya SIG kwapani, darubini machoni. Upepo wa usiku ulikuwa umelundika theluji mpya upande wa kivuli. Hapo ndipo Reto alipokuwa akielekea.

Alibonyeza redio kwenye mkondo wa dharura.

"Reto. Usikanyage hapo."

Kikaja kicheko.

"Dada yake Gian. Nilidhani umeshatulia."

"Theluji ya Oktoba bado iko chini, imekuwa chenga kama sukari. Hii mpya haina cha kushikia."

"Njia ya skii ipo. Watu wamepita."

"Walipita kabla ya upepo."

"Nenda kafume soksi, binti."

Alimwonya kwa sababu Gian hakuonywa. Kisasi alikitaka kiwe safi.

Reto akakanyaga.

Mlima uliguna. Ufa ukakimbia juu yake kama uzi unaofumuka, mteremko wote ukang'oka. Vumbi jeupe lilipotua, Reto hakuwapo.

Ladina alishuka. Akageuza Barryvox, kifaa chake cha mawimbi, ipokee. Mita thelathini. Kumi na mbili. Mbili. Akachoma fimbo ndefu ya kutafutia. Mara ya tatu ikagusa kitu laini, kina cha mkono mmoja tu.

Dakika ya nne.

Aliyefukiwa ana dakika kumi na tano hivi. Kila mtoto wa bonde analijua hilo.

Ladina akaketi. Akamimina chai.

Dakika ya sita. Pip, pip, kifaa kilimwita kutoka chini.

Dakika ya nane. Cha Gian hakikumwita yeyote.

Dakika ya kumi alitia mkono begini kutafuta kitambaa. Akagusa kikombe cha pili.

Alikitazama. Akavuta pumzi. Akachukua koleo.

Uso wa Reto ulitokea ukiwa wa buluu. Akakohoa, akavuta hewa kama mtoto mchanga. Ladina alichimba hadi shingoni, akasimama. Akabonyeza redio, bado kwenye mkondo wa dharura, akaiweka karibu na midomo ya Reto.

"Nani alizima kifaa cha Gian?"

"Nitoe mikono kwanza."

"Theluji ikishatulia inaganda kama saruji. Unajua. Mimi sina haraka."

Macho ya Reto yalihangaika.

"Mimi. Tulipokwisha kukaguliwa nilimkumbatia, kumtakia safari njema. Nikakizima."

"Kadi?"

"Ndani ya kopo la tumbaku. Mfuko wa kushoto."

Redio ilikoroma. Nyumba zote za mlimani zilikuwa zimesikia.

"Nimesikia, Reto," ilisema sauti ya Bibi Mengia, taratibu. "Nilikufungulia mlango miaka ishirini." Kisha akaongeza: "Ladina, mwanangu, mpe chai. Anatetemeka."

Ladina alimnywesha, kikombe mdomoni. Kisha akamchimba, akamtia pingu, akachukua kopo.

"Mkuu. Mkate ninao. Na mwizi wake, angali na joto. Leteni helikopta."

"Nilidhani ungemwacha."

"Kaburi lingemfichia uovu wake. Mahakamani atalitaja jina la Gian mbele ya mama yetu."

Helikopta ilipotua, alikuwa ameshavaa skii. Akapangusa kikombe cha pili, akakirudisha begini.

Bibi Mengia huvihesabu.

Akashuka kwa kufuata mwamba, bila kugeuka.