Salamu ya Koko Nasha

Kila Jumamosi asubuhi Marsela, msichana wa Kiiraqw, alifagia kanisa pale Karatu pamoja na shangazi yake Cresensia, kiongozi wa kikundi cha kujitolea cha parokia. Lakini Jumamosi moja ya mwaka 1979 hawakufagia. Walipakia majembe, sururu na saruji kwenye lori la misheni, wakaenda Makorongo.

Makorongo ulikuwa mji mdogo uliogawanyika. Ng'ambo hii ya bonde waliishi Wairaqw, wakulima; ng'ambo ile Wamasai, wafugaji. Tangu vita vya ng'ombe vya enzi za babu zao, hata masoko walikuwa nayo mawili. Chemchemi tu ndiyo ilikuwa moja, na watu na mifugo walikunywa humo humo. Mwaka ule kuhara kuliua watoto wa pande zote mbili. Ndipo wakakubali, kwa mara ya kwanza, kuijengea chemchemi ukuta wa kuzuia mifugo, kwa pamoja.

"Leo mikono ifanye kazi kuliko midomo," shangazi alionya. Marsela, ambaye ulimi wake haukujua likizo, aliitikia haraka.

Kazi ilikuwa imeshika kasi alipofika bibi mmoja wa Kimasai, Koko Nasha, yaani Bibi Nasha, na mjukuu wake Nashilu. Marsela akamnyooshea mkono.

"Shikamoo, bibi!"

Bibi hakuushika. Aliinua mkono wake juu kidogo, akangoja. Watu walikuwa wakitazama. Marsela aliona aibu, akageuka na kuondoka.

"Kuna nini?" aliuliza Tluway, mzee wa wakulima.

"Amekataa mkono wangu. Amesema hagusi mkono wa Mwiraqw."

Hayo maneno ya mwisho hakuyasikia popote. Aliyaongeza kwa hasira.

Tluway akaitupa sururu. "Ndio hao hao! Twendeni nyumbani." Wakulima wakakusanya zana zao. Wafugaji nao wakachukua fimbo zao, wasijue wamekosa nini. Saruji iliyokorogwa ikaanza kukauka.

Nashilu alimfuata Marsela. "Kwa nini umemnyima koko kichwa?"

"Kichwa?"

"Kwetu mtoto huinamisha kichwa, mkubwa akakigusa. Ndiyo salamu. Amekungoja mpaka mkono ukachoka."

Marsela aliingiwa na hofu. Pale chemchemini mama mmoja, mtoto mgonjwa mgongoni, alikuwa akichota maji ya tope. Angenyamaza, nani angejua? Lakini hakuweza kumtazama yule mama mara ya pili. Akakimbia mpaka mbele ya Tluway.

"Babu, nimesema uongo. Bibi hakutamka neno. Mimi nimeongeza."

Kisha, wote wakimwangalia, akaenda kwa Koko Nasha na kuinamisha kichwa. Kiganja kikavu, chenye harufu ya maziwa na moshi, kikatua juu yake.

"Entito ai," bibi alisema.

"Msichana wangu," Nashilu akatafsiri.

Tluway alisogea, ameinamisha macho. Koko Nasha akamnyooshea mkono, kama wakulima wanavyosalimiana, naye akaushika. Halafu akaiokota sururu yake, na wote wakarudi kazini.

Jioni, ndani ya lori, shangazi alimgeukia Marsela.

"Mji ule uligawanywa na maneno kama yale yako," alisema. "Kila mmoja aliongeza chumvi yake. Usipojua desturi ya mtu, uliza. Na ukiumia, sema ulichokiona, basi."

"Nimesikia, shangazi."

"Na kanisa bado chafu. Utalifagia peke yako kabla ya misa."

Alfajiri Marsela alikuwa mlangoni mwa kanisa, ufagio mkononi.