Utepe Mwekundu Mteremkoni

Duka la vifaa vya ushonaji lilikuwa limefurika, watu wanakanyagana mbele ya kaunta. Mikono miwili iliangukia bunda moja la utepe mwekundu, la mwisho rafuni, na hakuna aliyekubali kuachia.

"Kaka, nimeanza mimi."

"Umeanza kuliona, dada yangu. Kulishika nimeanza mimi."

Mwanamke huyu alikuwa fundi cherehani. Wateja walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Siku hiyo alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, limemkaa vizuri mpaka muuza duka alikosea kuhesabu zipu. Mwanamume alikuwa mrefu, buti zina matope hadi vifundoni, shati la kaki halina kifungo cha pili. Sindano alikiona kifungo kisichokuwapo kabla hajaiona sura. Mafundi ndivyo walivyo.

"Mimi nina magauni manne ya harusi," alisema. "Wewe wa nini?"

"Wa mchumba wangu. Anapenda nyekundu."

Hakuwa na mchumba, wala dalili ya kumpata. Alikuwa msimamizi wa njia za miguu katika msitu ulio nyuma ya bwawa la maji la jiji, na utepe ulikuwa wa kazi. Sentensi moja ingetosha kueleza. Lakini mwanamume akimwona mwanamke mzuri hutaka kuchekesha kwanza, kueleza baadaye, na mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Waligawana nusu kwa nusu.

"Huyo mchumba hajui kushona kifungo?" Sindano aliuliza mlangoni.

"Angekuwepo angejua."

"Muongo mkubwa! Basi niletee hilo shati."

Alilileta kesho yake, akaleta na la pili, ambalo kifungo chake kilikuwa kimekatwa kwa makusudi na kisu. Sindano aliona, akashona tu.

Sasa ni vyema ijulikane Jumapili za Sindano zilivyokuwa. Tangu dada yake aolewe mji wa mbali, miaka sita, aliishi peke yake katika chumba kilicho juu ya duka lake la ushonaji. Jumapili alifuta cherehani lisilo na vumbi. Alipika chakula cha mtu mmoja na kukila amesimama. Simu ikilia, ni "Fundi, nguo yangu tayari?" Kuna wiki alimaliza siku mbili nzima bila kusema neno kwa sauti, na aliposema, Jumatatu, alijikuta anakohoa kwanza. Upweke hakuuita upweke. Aliuita kupumzika.

Mvua zilipokatika na majira ya machipuko yakaingia, Bwana Nyayo, ndilo jina Sindano alilompa, alianza kumpeleka msituni. Miaka yote hiyo Sindano alikuwa ameupa msitu ule mgongo. Sasa alijifunza kutembea polepole na kutazama chini. Walipokuta ua wasilolijua, walilibatiza. Yale meupe yaliyosongamana na kuinamiana vichwa waliyaita Wambea. Yale ya buluu kando ya miamba, yanayofunguka saa tatu asubuhi na kufunga saa tisa kamili, waliyaita Makarani.

"Na yale kule juu?" Sindano aliuliza siku moja. Mteremko mzima ulikuwa umejaa vitumba, rangi bado imefungwa ndani.

"Ni ya zambarau. Yanafunguka siku kumi tu kwa mwaka. Wiki ijayo niko semina, nikirudi Jumapili tuje wote."

Jumanne usiku alimpigia.

"Sindano wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe mbona unanong'ona?"

"Nalala chumba kimoja na mhasibu anayekoroma. Sikiliza, mpenzi. Nina neno la kukuambia Jumapili. Pale pale, mbele ya yale maua."

"Liseme sasa."

"Halisemwi kwa simu."

Simu ilipokatika, Sindano alikaa kitandani akicheka peke yake. Ana miaka thelathini na tisa, na moyo unamwenda mbio kama wa msichana. Alijua ni neno gani. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, alipika sufuria kubwa.

Jumatano alifunga duka mapema akapanda peke yake. Maua yalikuwa yamefunguka! Zambarau tupu, kutoka njiani hadi kileleni. Akataka mwenzake ayaone kwa mbali, tangu njia panda, ajue kwamba ametangulia kumwandalia mahali. Akatoa utepe wake mwekundu, ncha za kila kipande amezikunja na kuzishona zisichanike, akafunga kwenye vijiti kuuzunguka mteremko wote. Alirudi mjini magoti yana udongo.

Jumapili walipofika njia panda, hapakuwa na zambarau. Palikuwa na visiki vifupi vya majani yaliyokauka na vipande vya utepe vilivyokanyagwa.

"Nani kafanya hivi?"

Bwana Nyayo alichutama akagusa kisiki kimoja. "Watu wangu."

"Nimeyafungia utepe mwenyewe! Nimeyazungushia yote! Hata kipofu angejua yana mwenyewe!"

Bwana Nyayo akaokota kipande cha utepe, akazitazama ncha zake. Uso wake ulibadilika, Sindano akadhani ni hatia.

"Makosa ni yangu," alisema.

"Ndiyo yako! Wiki nzima unanipigia, mpenzi, mpenzi, kumbe umeacha amri ya kufyeka? Na hilo neno lako baki nalo!"

Alishuka peke yake akilia. Simu ililia mara kumi na moja siku ile, hakuipokea. Siku ya nne ikaacha kulia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akarudi kula amesimama. Dada yake alipompigia, alisema yuko salama, kazi nyingi tu. Njiani akimwona mtu mrefu mwenye shati la kaki, alivuka barabara.

Wiki ya tano aliingia mama mmoja mnene, mikono ya kazi, na mzigo wa ovaroli zilizochanika. Alikuwa nyapara wa vibarua wa msituni. Aliuona utepe mezani akacheka.

"Fundi, na wewe unatumia hii? Hii ndiyo inatuongoza sisi. Njano, usiguse. Nyekundu, fyeka."

Mkasi ulisimama. "Nyekundu ni nini?"

"Fyeka, mwanangu. Magugu yote bosi anayafunga nyekundu. Ila safari hii tulipatikana! Mteremko mzima wa maua, nyekundu tupu. Nikasita, nikampigia, hapatikani, yuko semina. Amri ni amri, tukafyeka. Kumbe wakubwa walitaka kuleta wageni wayaone! Wakamuuliza, nani alifunga? Akasema ni yeye, alichanganya rangi. Mimi nikamwambia bosi, wewe umeanza lini kushona ncha za utepe? Akaniambia nifunge mdomo. Wamempa barua, wamemhamisha, yuko huko kwenye barabara za vumbi, mwendo wa saa nane kwa basi."

Sindano aliomba radhi, akaingia nyuma ya pazia, akakaa juu ya majora. Hasira hasara. Hakuwahi kuuliza mara ya pili ule utepe ni wa nini, na alichokilaumu wiki tano kilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Akapiga simu. Ililia sana, hata akahesabu.

"Haloo," sauti ilisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nani kakwambia?"

"Nakuuliza wewe!"

"Ulikuwa unalia, Sindano. Ningekwambia wewe ndiye uliyeyaua? Nilisema bora unichukie mimi kuliko ujichukie wewe. Halafu hukupokea tena."

"Nisamehe. Nisamehe, Nyayo wangu. Nilikuwa mjinga."

"Na mimi ni nani niliyesema mchumba badala ya kusema kazi?"

Wote wawili walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka.

"Lile neno," Sindano alisema. "Bado lipo?"

"Lipo. Lakini mambo yamebadilika. Huku hakuna maua, ni vumbi na greda. Hata kiti sina, nimekaa juu ya boksi. Wewe una duka lako na wateja wako, siwezi kukuomba uje mahali kama hapa."

"Nimekuuliza kama lipo. Sijakuuliza kuna nini huko."

Greda lilipita upande wa pili wa simu, Bwana Nyayo akasubiri mlio wake uishe.

"Basi," alisema taratibu. "Nataka nikuoe. Nataka nikirudi nyumbani nikukute, au nikukose kidogo nijue umeenda tu sokoni. Utakubali?"

Sindano, ambaye ulimi wake uliogopwa mtaa mzima, alijikunja juu ya majora, kiganja mdomoni, machozi yanadondokea kitambaa cha mteja.

"Haloo? Haloo? Sindano, upo?"

"Nipo," alisema. "Nipo, bwana. Niambie basi linaondoka saa ngapi."