Uzi Unaorefuka Ndani ya Mkono

Kijiji cha Tabaka huamka kwa mlio wa panga na tupa kwenye mawe. Ratemo alikuwa mchongaji wa vinyago vya mawe laini. Mkewe, Drusilla, alisugua vinyago kwa msasa ndani ya beseni la maji.

Siku moja panga liliteleza, likamkata Ratemo mkono wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja. Daktari mjini Kisii aliushona mshipa wa fahamu uliokatika. Kidonda kilipona, lakini kidole gumba na viwili vinavyofuata vilibaki na ganzi. Miezi mitatu ikapita. Drusilla alijaa wasiwasi. Mchongaji wa mkono mmoja atalisha nani?

Asubuhi moja alimkuta mumewe kwenye beseni, anajisugua vidole kwa msasa.

"Baba Ashley, unafanya nini?"

"Naviamsha. Vimelala sana."

Maji ya beseni huwa meupe kwa vumbi la mawe. Sasa yalikuwa mekundu. Ratemo alikuwa amejichubua ngozi na hakuhisi lolote! Drusilla alimfunga kitambaa, akampeleka kwa Nyanchera, daktari wa mazoezi ya viungo.

"Daktari, sema ukweli," Ratemo aliomba. "Hii mkono imekufa?"

"Haijakufa, mzee. Inajengwa. Mshipa wa fahamu una nyuzi nyembamba sana. Kila uzi ni sehemu ndefu ya seli moja. Kiini cha seli kiko huku, karibu na uti wa mgongo. Protini za kujenga zinatengenezwa hapo, halafu zinasafirishwa ndani ya uzi mpaka pale ulikatika."

"Mbona zinachelewa hivi?"

"Zinasonga, zinasimama, zinasonga tena. Kwa siku ni kama milimita moja tu. Na seli ndiyo huamua itume nini. Uzi ukiwa mzima, hutuma protini nyingi za kuunenepesha. Ukikatika, hupunguza hizo na kuongeza za kuurefusha. Msasa hauwezi kuiharakisha."

"Na tutajuaje kama zinafika?" Drusilla aliuliza kwa sauti ndogo.

Nyanchera alimgonga Ratemo polepole kwa kidole, chini ya kovu. Kidole kilipofika karibu na kifundo cha mkono, Ratemo aliruka.

"Wee! Kama kupigwa na stima! Imekimbia mpaka kidole gumba!"

"Basi uzi umefika hapo; ncha yake mpya hushtuka ikigongwa. Kila siku nyoosha vidole kwa mkono ule mwingine. Na usichohisi, kitazame kwa macho."

Ratemo alitii, ingawa kukaa bure kulimchosha kuliko kuchonga. Mara kwa mara Drusilla aligonga mkono ule. Mahali pa kushtuka palisogea kidogo kidogo kuelekea vidoleni. Hata hivyo, hofu yake haikwisha.

Miezi mingi baadaye, siku ya Sabato, alimpa mumewe kikombe cha chai. Ratemo alijisahau, akakipokea kwa mkono wa kushoto. Papo hapo akakitua mezani kwa kishindo.

"Mama Ashley! Chai ni moto!"

Drusilla alimtazama, akaketi, akalia kwa furaha.