Harufu ya Taa kwenye Gari la Muhirwa

Teta ndiye aliyeisikia harufu kwanza. Kila asubuhi kaka yake Muhirwa alipowasha gari, moshi wa nyuma ulinuka kama taa iliyozimwa sasa hivi. Teta alikuwa akiosha chupa zake kando ya nyumba. Aliinua kichwa, akanusa, kisha akainama tena.

Ulikuwa mwaka 2012, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Wawili hao walitoka Kivu Kusini, Kongo, wakiwa wadogo. Muhirwa alichunga ng'ombe wa watu huko Rugaaga miaka mingi, mpaka akapata gari. Halikuwa gari la kawaida. Lilikuwa la buluu, fupi, na zamani lilishindana kwenye mbio za magari. Injini yake ilikuwa na turbo. Likipanda mlima, watu waliacha majembe wakalitazama. Muhirwa alilitumia kupeleka abiria na wagonjwa mjini Mbarara.

Teta aliacha shule darasa la tano. Alikuwa na haya, hata wengine walidhani ni bubu. Aliuza petroli kwa chupa, juu ya benchi karibu na soko. Petroli ililetwa kwa baiskeli kutoka mbali. Ilipopungua, alijazia mafuta ya taa, kama walivyofanya wauzaji wote wa mstari ule. Aliyemfundisha ni jirani yake wa benchi, mama Nyirabahire.

"Tia kidogo tu, mutoto wangu," alimwambia. "Pikipiki zinatembea. Nani atajua?"

Muhirwa naye alichukua petroli kwenye benchi hilo. Angenunua kwa nani mwingine, na mdogo wake yupo?

Siku moja Teta alijikaza.

"Yaya," alimwita kaka yake, "gari inanuka taa."

Muhirwa akacheka. "Weye unasemaka mara moja kwa mwezi, na leo ndio umechagua kusema hiyo? Unataka inuke marashi?"

"Na kwenye mulima inalia. Kama misumari ndani ya kopo."

"Ni injini ya mbio. Inaliaka hivyo."

Lilibaki neno la tatu, lile la mafuta ya taa. Lilifika kwenye meno, likarudi.

Jumapili moja asubuhi, uchungu ulimshika Kabanyana, mke wa Muhirwa. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimpima, akatoka nje haraka.

"Mtoto amelala vibaya," alisema. "Mama anahitaji kupasuliwa Mbarara, sasa hivi. Gari letu limeshatoka na mgonjwa mwingine."

"Yangu iko," Muhirwa alisema. "Teta, leta chupa zote!"

Teta alishika mrija, Muhirwa akamimina chupa moja baada ya nyingine. Teta alijua kilichomo. Ni safari moja tu, alijiambia. Itafika.

Waliondoka. Kabanyana alilala kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Teta.

"Wifi, shika mukono wangu," alisema.

Walipofika milima ya Isingiro, Muhirwa alikanyaga mafuta. Misumari ikaanza kulia ndani ya kopo, kwa nguvu kuliko siku zote. Kikasikika kishindo kimoja. Moshi ukatanda nyuma, na gari likasimama katikati ya mlima.

"Washa, Yaya!"

"Inakataa!"

Walingoja kwa muda wa karibu saa mbili. Lori la ndizi za matoke ndilo lililowachukua. Hospitalini madaktari walifanya haraka, na Kabanyana akapona. Mtoto wa kiume alikuwa amekwisha kufa.

Walimzika Nakivale. Watu wa kanisa waliimba, wakaenda. Siku ya tatu maziwa ya Kabanyana yalijaa. Aliyakamulia kwenye kikombe, akakaa amekishika. Hakujua ayamwage wapi. Teta alikichukua kikombe mikononi mwake, akatoka nje, na yeye pia hakujua.

Baada ya wiki mbili gari lilivutwa mpaka Kakiika, pembeni mwa Mbarara, kwa fundi Kizito. Alikuwa mzee, fundi wa magari ya jeshi zamani, katika kambi ya askari ya Makenke hapo jirani. Muhirwa alikwenda na Teta. Kizito aliifungua injini, akatoa pistoni moja. Ilikuwa na tundu katikati.

"Ssebo, bwana, angalia," alisema. "Hii imetobolewa na moto."

"Moto ulitoka wapi, afande?"

"Injini ya turbo inasukumiwa hewa mingi. Ndani kuna joto kali. Hiyo inataka petroli safi, tena ile ya daraja la juu. Ukitia petroli iko na mafuta ya taa, inawaka yenyewe kabla ya plagi kutoa cheche. Inapiga pistoni kama nyundo. Hukusikia sauti?"

Muhirwa aliangalia chini. "Kama misumari ndani ya kopo."

"Ndiyo hiyo. Mlima ndio unamaliza. Petroli ulinunua wapi?"

"Kwa mudogo wangu huyu. Lakini yeye hawezi kufanya vile. Ni bale batu ba baiskeli ndio banamudanganya."

Teta aliinama, akajifanya anaiangalia pistoni. Kizito alimtazama. Hakumgombeza. Alichukua karatasi nyeupe, akaenda nayo mbali na jiko la chai.

"Nyabo, bibie, njoo uone. Hii petroli safi." Alidondosha tone moja. Likakauka, karatasi ikabaki nyeupe. "Na hii nimetoa kwa tangi yenu." Tone la pili lilikauka polepole, likaacha doa la mafuta. "Doa likibaki, usiuze. Tena usitie petroli kwa taa hata kidogo. Italipuka, nyumba itaungua na watu ndani."

Kisha akamgeukia Muhirwa. "Sasa chagua. Naweza kukutafutia turbo ingine, ama injini ya kawaida. Kwenu petroli nzuri iko mbali. Mimi ningechukua ya kawaida. Lakini hata hiyo, usiipe mchanganyiko."

"Itakimbia?"

"Haitakimbia. Itafika."

Muhirwa alichukua ya kawaida.

Teta naye alibadilika. Alitenga dumu la petroli na dumu la mafuta ya taa, kila moja na mrija wake. Kila petroli iliyoletwa aliipima kwa karatasi kabla ya kuipokea.

"Ona mwalimu!" Nyirabahire alimcheka. "Unauza petroli ama madaftari?"

Lakini watu wa pikipiki waliziona zile karatasi nyeupe, wakahamia kwake. Mwishowe Nyirabahire mwenyewe alikuja kuomba karatasi.

Mwaka 2014 uchungu ulimshika tena Kabanyana. Gari la buluu lilipanda milima ya Isingiro polepole, bila kelele, bila harufu. Hakuna aliyeacha jembe kulitazama. Lilifika. Alizaliwa msichana, akalia mpaka wodi nzima ikageuka.

Walipomrudisha nyumbani, Muhirwa alimweka mtoto mikononi mwa Teta.

"Tumepatana na mama yake," alisema. "Jina lake ni Teta. Ni weye ulitulindia gari."

"Mupokee, wifi," Kabanyana alisema. "Ni wako pia."

Mtoto alifungua mdomo, akatafuta ziwa kwenye nguo ya shangazi yake. Teta alikumbuka kikombe. Alimrudisha mtoto kwa mama yake taratibu, akakunja mikono.

"Musimupe jina langu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote wawili waliisikia. "Si watu wa baiskeli. Ile petroli ya siku ile, ni mimi nilitia mafuta ya taa. Nilijua, na nikashika mrija."