Jalada la Mama Zege

Soko la kompyuta la Olaya, jijini Riyadh, siku za mapumziko, hujaa hadi unakanyagwa na huombwi radhi. Jerioth alikuwa humo akisukuma kigari cha mtoto, abaya yake inaburuta sakafuni kwa sababu ilikuwa ya madam, mwajiri wake, na madam ni mrefu. Madam mwenyewe alikuwa akigombana na fundi juu ya laptopu iliyozima. Kwenye kaunta ya pembeni, kijana mwembamba mwenye shati la bluu lililopigwa pasi sawasawa alikuwa akifungua katuni za zamani kwenye skrini. Katuni za Kiswahili, zile za maneno yaliyoandikwa kwa mkono. Jerioth akasoma moja kwa mbali, akacheka kabla hajajizuia.

Kijana akageuka. "Kumbe wa nyumbani! Usiniambie wapi. Hicho kicheko ni cha Nakuru."

"Kwani kicheko kina mji?"

"Chako kinao. Mimi Naftali, wa Kitale."

"Jerioth. Na hizi katuni mnazitoa wapi?"

"Watu wanaleta vitabu, tunapiga skana, tunajaza kwenye memori kadi. Wakenya na Watanzania wanazigombania, we acha tu. Mtu akikaa huku bila utani wa kwao, atanunua chochote."

"Na waliozichora wanajua?"

Naftali akacheka tu. Angelijibu swali lile siku ile, pengine nisingekuwa na hadithi ya kusimulia. Lakini macho yake yalikuwa usoni kwa yule binti, uso wa mviringo ndani ya mtandio wa maua, na kichwa hakikuwepo.

"Yalla, Jerioth!" madam akaita. Naftali akaandika namba yake nyuma ya kadi ya salio, na Jerioth akaikunja kiganjani.

Wakapendana kwa masikio, maana miguu haikuwa na ruhusa. Jerioth alikaa mtaa wa Malaz, kwenye nyumba ambayo mlango hufunguliwa na mwenye nyumba tu. Alikuwa akipiga pasi simu ikiwa begani.

"Umekula, malkia wa Malaz?"

"Nimekula wali wa kabsa uliobaki. Na wewe, mwizi wa katuni?"

"Mwizi wa moyo. Sema vizuri."

"Moyo bado uko kwangu, nimeufungia."

"Basi madam ndiye ana ufunguo."

Jerioth alicheka hadi akaunguza kola ya shati la mume wa madam. Siku moja, kati ya shati na shati, akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote Riyadh.

"Baba yangu alikuwa mchoraji. Alichora Mama Zege."

"Yule mama wa mjengo anayewatoa jasho makontrakta? Aki Jerioth, wateja wananiulizia hiyo kila wiki! Nilisoma nusu kwa mjomba, ilikuwa imechanika. Hata jina la mchoraji silijui."

"Nehemiah Gitonga. Amekufa na kaburi lake halina hata saruji, yeye aliyechora zege maisha yake yote. Na Mama Zege ni mamangu, Truphena. Alikuwa anabeba kokoto, baba anakaa kwa matofali anamchora."

Matoleo yote yaliyobaki duniani, kwa jinsi familia ile ilivyojua, yalikuwa ndani ya sanduku ambalo Jerioth alikuja nalo Riyadh. Baba yake aliyashona kwa uzi yakawa kitabu kimoja, na mbele akatia jalada aliloandika jina lake kwa rangi nyekundu. Sasa kaka yake, Justus, alikuwa amepata mchapishaji Nairobi aliyekubali kukitoa upya, mradi aletewe picha safi.

"Nipe mimi," Naftali alisema. "Nitakipiga skana kama napiga picha za harusi yetu."

"Harusi gani?"

"Subiri tu."

"Naftali, nakuomba. Kisitoke nje. Jina la baba litoke kwenye kitabu kwanza."

"Naapa, mpenzi."

Madam alipokwenda na Jerioth kuchukua laptopu yake, kitabu kikapita juu ya kaunta ndani ya mfuko wa nguo za mtoto.

Nisimsingizie kijana wa watu. Alifanya kazi ile kwa mapenzi. Aliukata uzi polepole, kwa sababu mashine hutaka karatasi moja moja, akafuta madoa ya chai, akanyoosha kurasa zilizojikunja. Lakini mkono una mazoea yake. Bosi wa duka alikuwa amewafundisha kuwa jalada hutolewa kwanza na kutupwa, maana ndilo lenye jina na anwani ya mwenye kitabu, na mwenye kitabu ndiye huleta maneno. Kazi ikiisha, inawekwa kwenye kompyuta kubwa ambako kadi zote hujazwa. Naftali akafanya vyote viwili huku akipiga mluzi, akimfikiria Jerioth. Alipozinduka kesho yake, pipa la taka lilikuwa limeshamwagwa na kadi zilikuwa zimeshauzwa.

Aliogopa, akanyamaza. Hilo ndilo kosa ninalomhesabia. Wiki hiyohiyo baba mwenye nyumba akahamishiwa kazi Jeddah, na Jerioth akaondoka na familia. Kila akiuliza kwa simu, Naftali alijibu, "Bado nasafisha, mpenzi."

Jeddah, juu ya paa, Jerioth alikuwa akianika mashuka pamoja na Lydia, mfanyakazi wa ghorofa ya juu. Lydia alikuwa akicheka peke yake na simu.

"Kuja uone huyu mama! Amemmwagia kontrakta zege kwa viatu!"

Jerioth akaangalia. Ilikuwa mikono ya mama yake, imeshika karai.

"Umetoa wapi?"

"Si iko kwa kila simu? Wasichana wa Riyadh walituma."

"Nani amechora?"

"Haijaandikwa. Mtu tu."

Shuka likaanguka kwenye vumbi. Akapiga simu hapohapo.

"Umeuza baba yangu, Naftali."

"Jerioth, ngoja nikueleze..."

"Mtu tu! Wanamwita mtu tu! Halas, imekwisha. Usinitafute."

Kabla ya Ijumaa, Justus akatuma ujumbe: mchapishaji amejitoa. Nani atanunua kitu ambacho kila mtu anacho kwenye simu?

Naftali akapanda basi la Jeddah, akavuka jangwa lote, bila hata kujua kama atafunguliwa mlango. Lydia ndiye aliyemhurumia. Akapanga wakutane Kornishi, kando ya bahari, siku ambayo watoto hupelekwa kucheza, akatangulia nao mbele kidogo ili wanaopita wadhani ni familia moja. Shati la bluu lilikuwa limekunjamana vibaya.

"Sikuiuza. Niliiacha kwa kompyuta ya duka, bosi akajaza kadi."

"Na jalada?"

"Nilitoa mwenyewe. Mkono ulizoea."

"Siku zote ukiniambia bado unasafisha, ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Niliogopa kukupoteza."

Jerioth akalia wazi, bila kujifuta. "Ungesema siku ile, Justus angemuwahi yule mchapishaji. Na mimi bado nakupenda, hiyo ndiyo inaniuma. Nakupenda hata na hilo shati."

"Basi nikuoe. Kandarasi yako ikiisha twende Nakuru pamoja. Nitampigia mama magoti."

"Majirani walimwonyesha simu. Akajiona akiwa msichana, akafurahi. Halafu akatafuta jina la mumewe, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Alinipigia akilia, akasema kumbe hata jina lake hawakulitaka. Nitampelekeaje aliyelitoa, nimwambie huyu ndiye mkwe wako? Na nikimficha, nitakuwa nimefanya kama wewe."

Naftali akampa mfuko wenye karatasi za kitabu zilizobaki.

"Nikupigie, hata siku moja moja?"

"Usinipigie," Jerioth akasema, "kwa sababu nitapokea."

Akamfuata Lydia na watoto. Naftali akakaa kwenye ukuta wa bahari hadi askari akamwambia aondoke.

Aliporudi Olaya akatengeneza ukurasa mpya wa mbele, jina la Nehemiah Gitonga kwa herufi kubwa nyekundu, na kwenye duka lao akafuta nakala zote za zamani. Mteja wa kwanza alikuwa Evans, dereva kutoka mtaa wa Al-Suwaidi.

"Sasa huyu Nehemiah ni nani? Ama umejiandika wewe?"

"Ndiye aliyechora. Ni baba wa..." Naftali akatafuta neno la kumwita Jerioth, akalikosa. "Ni baba wa mtu ninayemjua."

"Sawa," Evans akasema. Akausukuma ule ukurasa kwenye simu kwa kidole gumba bila kuusoma, akafika kwa Mama Zege, akaanza kucheka.