Vistari vya Shangazi wa Toledo

Wiki ya Krismasi posta kuu ya Milwaukee ilifurika watu, buti za theluji zimelowesha sakafu nzima. Corinne, ndani ya koti jekundu na kofia ya sufu iliyomkaa upande, alikuwa anabishana na karani. Bahasha zote za ofisi yao ya bima zilikuwa zimekataliwa.

"Mashine haitazisoma, bibie. Vistari vya anwani, hivi inavyosoma, vimegusa ukingo wa chini."

"Kompyuta ndiyo imeviweka huko! Mimi ningefanyaje?"

"Uiambie ivipandishe juu ya jina," akadakia mwanamume nyuma yake. "Inasikia ikiambiwa vizuri, si kama wengine wetu."

Corinne akageuka ampashe. Akakutana na macho ya kucheka, shati la drafti, na kwapani boksi la bahasha zilizochapwa zikachapika.

"Na wewe ni nani, daktari wa bahasha?"

"Emmett, wa kiwanda cha uchapaji. Nikufundishe, uninunulie kahawa?"

Akamfundisha, bega kwa bega mbele ya kompyuta ya ofisi ya Corinne.

"Mashine haina habari na jina lako, mrembo. Inasoma vistari tu, inakupeleka vinakosema."

"Ikikosea je?"

"Haikosei. Anayekosea ni mtu."

Basi wakapendana, na mapenzi yao yalikuwa na kelele! Kila Ijumaa walikula samaki wa kukaanga na bia, wakataniana hadi meza za jirani zikacheka nao. Mwaka ukapita hivyo. Kisha kiwanda kikamhamishia Emmett Duluth, mbali kaskazini, na suala la ndoa akawa analikwepa kila simu.

Mwezi Machi Corinne akachoka, akampigia simu.

"Russ amenichumbia. Nimemwambia nitamjibu Pasaka."

"Russ yule wa matairi? Corinne, mpenzi, nisikilize..."

"Sitaki kukusikiliza! Nikisikia sauti yako nayeyuka. Niandikie. Unanioa au hunioi, niandikie."

Emmett aliandika siku ileile. Nakuoa, njoo, au niambie nije. Halafu, fundi wetu huyo, akaona aibu kutuma bahasha isiyo na vistari. Akafungua kwenye kompyuta bahasha aliyowahi kumchapia shangazi yake wa Toledo, akafuta jina na anwani ya shangazi, akaandika vya Corinne. Vistari hakuvigusa. Alidhani vitajibadilisha vyenyewe.

Lo! Barua ikaenda Toledo. Mtu wa posta huko akaona imepotea, akairudisha iende Milwaukee. Mashine ikasoma vistari, ikaipeleka Toledo tena. Ikawa mchezo huohuo, Pasaka ikaja ikapita. Corinne alichungulia sanduku lake kila asubuhi akiwa na gauni la kulalia, kisha akaacha. Kupiga simu hakutaka, kujidhalilisha huko. Emmett naye hakupiga. Ameombwa aandike, ameandika; kimya alikipokea kama jibu.

Mwishoni mwa Mei barua ikafika, vistari vimefutwa na mtu wa posta kwa kalamu nyeusi, mashine isivisome tena. Corinne akaisoma amesimama mlangoni. Akapiga Duluth.

"Emmett, barua yako imefika leo."

"Barua ipi?"

"Ya kunioa."

"Leo? Mimi nilijua umeisoma ukanikataa!"

"Jina ni langu, ila imezungushwa Toledo mpaka imechakaa."

"Toledo... Mungu wangu. Vistari vya shangazi. Nakuja. Natoka sasa hivi, Corinne."

"Usije. Nimeshaolewa."

Wakalia wote wawili, kila mmoja akimsikia mwenzake.

"Barua moja tu, Emmett," alisema Corinne. "Si ungeandika bahasha kwa mkono?"

"Nilitaka ikufikie upesi, mpenzi."

Corinne alikata simu, akaenda kunawa uso kabla Russ hajarudi.